Mahakama Ilimwachia, Sinema Ikamfungia Mlango

SWALI: Nimesoma kwamba Roscoe "Fatty" Arbuckle, mchekeshaji wa sinema bubu za Marekani, alishtakiwa mara tatu kwa kifo cha mwanamke kabla ya kuonekana hana hatia. Sheria iliruhusuje hilo? Na mbona hakurudi kwenye filamu?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Shtaka lilikuwa moja, kilichorudiwa ni usikilizaji wa kesi. Septemba 5, 1921, Arbuckle alifanya karamu katika vyumba alivyopanga Hoteli ya St. Francis, San Francisco. Mwigizaji Virginia Rappe akaugua humo, akafariki Septemba 9: kibofu cha mkojo kilikuwa kimepasuka na tumbo likashika maambukizi. Mwendesha mashtaka Matthew Brady alitaka shtaka la mauaji, lakini hakimu akalishusha hadi kuua bila kukusudia.

Uamuzi ulikuwa mikononi mwa jopo la raia 12, na ilibidi wote wakubaliane. Mara ya kwanza 10 walitaka aachiwe, 2 wakakataa. Jopo likigawanyika, mshtakiwa hajafungwa wala hajaachiwa huru, kwa hiyo serikali inaweza kuanza upya. Mara ya pili hesabu ikageuka: 10 wakamwona ana hatia. Hapo mawakili wake walijiponza wenyewe. Walijiamini mno, wakaacha kumpandisha kizimbani ajieleze kama mwanzo. Mara ya tatu alijieleza, na Aprili 12, 1922 jopo lilimwachia ndani ya dakika chache, tena kwa barua ya kumwomba radhi. Maude Delmont, aliyeibua tuhuma zile, upande wa mashtaka haukuwahi kumwita atoe ushahidi.

Siku 6 tu baadaye, Will Hays, mkuu wa chama kipya cha watayarishaji wa filamu, akampiga marufuku. Wenye studio waliogopa bodi za ukaguzi za majimbo na vikundi vya kidini kuliko walivyojali hukumu ya mahakama. Marufuku iliondolewa Desemba mwaka huohuo, ila jina lilikwisha kuchafuka: magazeti, hasa ya tajiri William Randolph Hearst, yalikuwa yamemhukumu kabla ya jopo lolote kuketi. Akaelekeza filamu kwa jina la William Goodrich. Mwaka 1932 Warner Bros. wakampa filamu fupi 6 za sauti. Alifariki usingizini Juni 29, 1933, akiwa na miaka 46.

SWALI: Nianze na filamu yake ipi?
Msomaji, Mombasa

JIBU: The Butcher Boy ya 1917, ambayo pia ni filamu ya kwanza ya Buster Keaton, mchekeshaji mwingine maarufu wa sinema bubu. Hakimiliki ya filamu hiyo imekwisha Marekani, hivyo huonyeshwa bure mtandaoni. Chagua nakala yenye mwendo uliorekebishwa. Filamu nyingi za wakati ule zilipigwa kwa picha pungufu ya 24 kwa sekunde. Zikichezwa kwa 24, kasi ya kawaida ya filamu za sauti, kila mtu anakimbiakimbia na utani wa Arbuckle unapotea, maana ustadi wake ulikuwa kwenye wepesi wa mwili mnene ule.