Muulize Bibi Shamba: Vibuyu vya Mama Mkwe

Hujambo, Bibi Shamba? Mama mkwe alifariki mwaka jana akaniachia vibuyu vya mbegu: mahindi ya nyamula, mtama wa ochuti na maharagwe ya rangi mchanganyiko. Mume wangu anataka shamba lote liwe la mahindi ya dukani, maana yanazaa zaidi. Jirani naye ananitisha kwamba nikigawa mbegu hizi nitafungwa. Nifanye nini? (Msomaji wa Nyakach, Kisumu)

Pole kwa msiba, mwanangu. Kabla ya mengine yote, leo hii chukua punje 50 kutoka kila kibuyu, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, kisha uhesabu zilizoota baada ya wiki moja. Zikiota 40 na zaidi, panda kama kawaida. Zikipungua sana, panda nyingi na usikose msimu ujao, kwa sababu zilizobaki zinaendelea kufa humo kibuyuni.

Kuhusu jela, jirani yako hakuzua. Sheria ya mbegu, Sura ya 326, ilikuwa na adhabu ya hadi miaka 2 gerezani au faini ya hadi shilingi milioni 1 kwa mkulima aliyeuza au kubadilishana mbegu zisizoidhinishwa. Wakulima wadogo 15 walikwenda kortini mwaka 2022, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ikavibatilisha vifungu vilivyowanyima wakulima haki ya kuweka mbegu zao na kupeana. Katiba yenyewe, ibara ya 11, inalitaka Bunge lilinde mbegu za kienyeji na matumizi yake katika jamii. Kwa hiyo mpe shemeji yako kikombe cha ochuti bila woga. Kilicho kosa bado ni kupakia nafaka yoyote na kuiuza ukidanganya kwamba imeidhinishwa.

Mume wako naye ana hoja. Mvua ikinyesha vizuri na mbolea ikiwepo, mahindi chotara, yaani hayo ya dukani, yatayashinda yako. Lakini unaijua mvua ya Nyakach, na unalijua kayongo, gugu lile la maua ya zambarau linalofyonza mahindi mizizini. Nyamula hukomaa mapema na hulistahimili kayongo kuliko mahindi mengi. Mwombe kipande tu cha shamba.

Kipande hicho kina masharti, kwa kuwa chavua ya mahindi hupeperushwa na upepo. Kiwe mbali na mahindi mengine, mita 200 hivi. Mashamba yetu madogo hayatoshi kwa hilo, basi pishanisha upanzi kwa wiki tatu au nne ili yasichanue pamoja, na uzungumze na jirani huyo huyo, kwa kuwa chavua yake haijui mpaka. Chagua mbegu mahindi yakiwa bado yamesimama, kutoka katikati ya shamba. Funga uzi kwenye mimea uliyoipenda kwa ukomavu wake, afya yake na namna ilivyovumilia kiangazi. Ukingoja kuchagua kwenye rundo utaona ukubwa wa gunzi tu. Na usichukue magunzi kumi mazuri ukaridhika. Chukua 50, hata 100 ukiweza, la sivyo baada ya misimu michache mahindi yatadhoofika kwa kuzaliana ndugu kwa ndugu.

Maharagwe hayasumbui hivyo, maana hujichavusha yenyewe. Nakusihi tu usiyatenganishe ukabaki na rangi moja inayopendwa sokoni Katito. Ugonjwa ukiingia, aina moja inaanguka na nyingine inakupa chakula. Mama mkwe wako aliuacha mchanganyiko huo kwa makusudi.

Ukishaanika, tia punje kidogo na chumvi kavu kwenye chupa ya kioo iliyokauka, utikise, usubiri dakika chache. Chumvi ikigandamana na kioo, rudisha juani. Zikikauka, zijaze kwenye chupa au mtungi hadi shingoni na ufunge kabisa, ili fukuzi wakose hewa.

Halafu zigawe. Hili nalitilia mkazo kuliko yote. Mpe mtu wa kule juu Nyabondo na mtu wa bondeni, kwa kuwa mafuriko na kiangazi haviwakuti sawa. Ukipoteza yako utaiomba kwao. Ipo benki ya taifa ya mbegu kule Muguga, chini ya KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo, na naiheshimu sana. Ila mbegu iliyo kwenye baridi hubaki ilivyokuwa siku iliyoingizwa. Iliyo mikononi mwa wakulima hukutana na mvua za leo na magugu ya leo, msimu baada ya msimu. Nenda pia kwa wanawake wazee waliolima naye, uwaulize alipanda lini na wapi, ukaandike.

Nilihifadhi mahindi chotara niliyovuna, nikapanda tena. Mengine yametoka mafupi, mengine marefu. Je, niliuziwa mbegu feki? (Msomaji wa Njoro, Nakuru)

Hapana, ndugu yangu. Chotara huzaliwa na wazazi wawili tofauti, na kizazi cha pili hutawanyika, mavuno yakashuka. Ukitaka kuhifadhi, omba dukani aina ya uchavushaji huria, ile ambayo mbegu zake huzaa mimea inayofanana na mzazi. Na kama majani yalikauka kuanzia kingoni yakiwa bado machanga, dalili ya MLN, ugonjwa wa mahindi ulioonekana Kenya kwanza huko Bomet mwaka 2011, usihifadhi punje yoyote ya shamba hilo. Msimu ujao panda maharagwe au viazi hapo.