Kutengeneza Kimoja na Kutengeneza Ishirini

Kijana akija kuniomba nimfundishe ufundi wa elektroniki, macho yake huenda moja kwa moja kwenye pasi ya lehemu. Mimi humpa mita ya kupimia umeme. Mwezi wa kwanza hagusi kazi ya mteja, anapima tu: betri, fyuzi, dayodi mbele na nyuma, adapta ikiwa na mzigo na ikiwa haina. Mimi nilianza kinyume chake. Nilijua kuchomelea kabla ya kujua ninachokichomelea, nikawa nang'oa transista nzima kwa kubahatisha hadi nikutane na mbovu.

Kupima kunalinda na uhai. Umeme wetu wa volti 230 ukishapita kwenye dayodi nne na kujaa kwenye ile kapasita kubwa ya televisheni, unakuwa volti kama 325, na unaweza kubaki humo hata plagi ikiwa mkononi mwako. Usiipige shoti kwa bisibisi kama tunavyoona wengi wakifanya. Iunganishe na rezista, subiri, kisha pima tena. Na kifaa ulichokifungua usikiwashe moja kwa moja. Pitisha umeme kwanza kwenye taa ya kizamani ya nyuzi ya wati 60. Taa ikiwaka kwa nguvu na kuendelea kuwaka, jua ndani bado kuna shoti.

Lehemu nayo ina macho yake. Ncha safi iguse mguu wa kifaa na shaba ya bodi kwa pamoja, hesabu moja, mbili, halafu peleka risasi, yaani waya wa lehemu, kwenye kiungo, sio kwenye ncha. Ikikolea utaiona ikitambaa na kupanda mguuni kwa mteremko laini. Isipokolea inakaa kama tone la maji juu ya jani la magimbi: ipo, lakini haijashika. Risasi ya 60/40, yaani bati 60 na madini ya risasi 40 kwa mia, huanza kulainika kwenye nyuzijoto 183, ila ile isiyo na madini ya risasi inataka kama 217, kwa hiyo usiilaumu pasi kabla hujasoma kibandiko cha rola. Na ukimaliza, nawa mikono kabla ya kula.

Hayo yote niliyajua vizuri siku madereva wa bodaboda wa kijiweni petu waliponiagiza chaja 20 za simu za kufunga kwenye pikipiki. Ya majaribio niliijenga kwa 7805, kidhibiti kinachoshusha volti hadi 5 kwa kugeuza ziada kuwa joto, ikafanya kazi mezani, nikafurahi. Nilipoifungia kwenye kiboksi cha plastiki ikapata moto na kujizima. Hesabu ilikuwa rahisi, ningeifanya mapema: pikipiki ikinguruma inatoa volti 14 na ushei, simu inataka 5, zile 9 zinazobaki kwa ampea moja ni wati 9 za joto. Nikahamia LM2596, kidhibiti cha aina nyingine, ambayo hukata na kuunga umeme mara 150,000 kwa sekunde badala ya kuuchoma. Nikaunda zote 20 kwa usiku mbili.

Ndani ya wiki mbili zikarudi sita. Tano kati ya hizo zilikuwa na tatizo moja: mguu wa koili umekatika pale pale unapoingia kwenye bodi. Koili ni nzito, na barabara yetu ya vumbi ilikuwa ikiitikisa kutwa nzima. Meza yangu haitikisiki, ndiyo maana sikuona. Iliniuma sana, maana wale ni watu wanaohesabu mia mia hadi jioni.

Nilizikusanya zote nikaanza upya, na hapo ndipo nilipojifunza uzalishaji. Nilichonga kibao chenye nafasi za bodi tano. Sikumaliza chaja moja moja tena. Nilipanga rezista zote kwenye bodi zote, kisha dayodi, kisha virefu, maana ukianza na virefu bodi haikai sawa ukiigeuza. Kila koili ikashikwa kwa gundi ya moto. Kila chaja ikabebeshwa mzigo wa ampea moja kwa nusu saa, kwa rezista ya omu 5 inayostahimili wati 10, ndani ya boksi lake lililofungwa. Kisha nikaandika namba kwa kalamu ya wino mzito, na daftarini tarehe, volti na lolote lililotokea siku ile.

Kama umejifunzia mtaani kama mimi, ulizia VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi Tanzania, kuhusu urasimishaji wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Wanapima unachokijua na kukupa cheti, na cheti hufungua kazi ambazo maneno peke yake hayafungui.

Miezi mitatu baadaye ilirudi namba 7, mguu wa koili umekatika. Nikafungua daftari. Jioni ile gundi ilikuwa imeniishia, nikafunga namba 7, 8 na 9 hivyo hivyo, nikijiambia nitazirudia asubuhi. Sikuzirudia. Nikawapigia simu wenye namba 8 na 9, chaja zao zikiwa bado nzima kabisa, wakaja Jumapili, nikazifungua na kuzitia gundi wakiwa wamekaa hapo hapo wakinywa chai.