Mbuzi wa mashemeji: 1961 au 1982?

SWALI: Kamwene anko, hongera kwa kazi. Mimi ni fundi magari hapa Mafinga, natengeneza zaidi fuso za mbao. Jumapili iliyopita tulikua kwa dada tunakunywa ulanzi, ile pombe ya mianzi, ulikua mtogwa bado mtamu, basi shemeji yangu ambae aliwahi kupika kwenye hoteli za watalii huko Arusha akaanzisha stori za waini, akasema mwaka mkubwa kuliko yote wa waini ya Bordeaux, kule Ufaransa, ni 1982 na hakuna wa kubisha. Mi nikabisha, maana kuna mzee mmoja mmisionari nilikua namtengenezea Land Rover yake na alikua haachi kusema hakuna kama 1961. Ubishi ukakolea mpaka tukawekeana mbuzi. Sasa anko mbuzi aliwe na nani? Na hivi mwaka unabadilisha nini, zabibu si zabibu tu?
Fundi, Mafinga

JIBU: Kamwene sana fundi. Nianze na hilo la mwisho maana ndo linabeba mengine yote.

Ulanzi unaujua mwenyewe, leo ni mtogwa, ukilala siku mbili tatu ushakua mkangafu, yani mkali, na hakuna anaeuliza huu ni wa mwaka gani maana wiki haufiki. Waini nyekundu ya Bordeaux ile ya maana ni kinyume chake, ikiwa changa inakukunjia sura, inakausha ulimi kama umetafuna ndizi mbichi, hiyo ndo inaitwa tanini, inatoka kwenye maganda na mbegu za zabibu na inahitaji miaka ilainike. Sasa kama zabibu hazikuiva vizuri ile tanini inabaki chungu, na juu yake unakuta uchachu wa limao bila utamu wa tunda, hapo hata uiweke miaka 30 haitengenezeki. Kwaiyo mwaka maana yake ni hali ya hewa tu, wala hakuna uchawi. Bordeaux ipo kusini magharibi mwa Ufaransa jirani na bahari ya Atlantiki, mvua inatoka baharini inaingia muda inaotaka, baridi ya kuunguza machipukizi inaweza kushuka mpaka mwezi wa tano, na mavuno ni mara moja kwa mwaka, mwezi wa tisa kuelekea wa kumi. Dodoma wenzetu wanavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, wakikosa huku wanapata kule. Mkulima wa Bordeaux akikosa amekosa, anangoja mwaka mwingine kama mtu wa Njombe aliepigwa na baridi kwenye viazi.

Alafu kuna jambo ambalo wewe na shemeji yako wote mmeliruka, Bordeaux sio shamba moja. Kuna mito miwili, Garonne na Dordogne, inaungana na kuingia mlango mpana unaoitwa Gironde kuelekea baharini. Upande wa kushoto ndo kwenye Médoc na Graves, ardhi ya kokoto, zabibu kubwa ya huko ni Cabernet Sauvignon ambayo inachelewa kuiva. Upande wa kulia kuna Saint-Émilion na Pomerol, huko ni mfinyanzi na mawe ya chokaa, na zabibu yao ni Merlot inayowahi kuiva. Sasa fikiria watu wawili wamelima maharage, mmoja kawahi kung'oa kaweka ndani, mwenzake yake bado yako shamba, alafu mvua inanyesha wiki nzima. Ndo kilichotokea 1998, Merlot zilikua zimeshavunwa mvua ikawakuta wenye Cabernet, basi mwaka huo ukimuuliza mtu wa Pomerol atakwambia ni mwaka wa ajabu na ukimuuliza wa Médoc atabadilisha mada. 1996 ikawa kinyume chake, kushoto wakacheka. Kwaiyo ukisikia mtu anasema mwaka fulani ni mkubwa, muulize kwanza upande gani, wengi wanaishia hapo hapo.

Haya, kwenye mbuzi.

1961 ya mzee wako ina historia ya maumivu. Mizabibu ilitoa maua, baridi ikashuka mwishoni mwa mwezi wa tano, maua mengi yakapukutika, vichala vikabaki vichache vyenye punje chache. Ukiwa mkulima hapo unalia. Kumbe mti ukiwa na matunda machache nguvu yote inaenda kwenye hayo machache, alafu mwezi wa nane ukawa mkavu, wa tisa ukawa na jua, punje zikabaki ndogo zenye ganda nene, yani rangi na tanini nyingi kwa juisi kidogo. Waini ilikua kidogo sana ila nzito ya ajabu, na nzuri pande zote mbili za mto. 1945 ilikua hivohivo, baridi mwanzoni mwa mwezi wa tano ikafyeka machipukizi, siku chache tu kabla vita haijaisha Ulaya, kiangazi kikawa cha ukame, mavuno kiduchu. Château Mouton Rothschild (château ni jumba lenye shamba lake la zabibu) waliweka herufi V kwenye lebo ya mwaka huo, V ya ushindi, na toka hapo wakawa wanampa msanii tofauti kuchora lebo karibu kila mwaka.

Wakulima wa zamani walikua wanaamini ndo kanuni hiyo, mwaka mkubwa lazima uwe na mavuno madogo. Na hapa ndo shemeji yako anaingia, maana 1982 ilikuja kuivuruga kanuni. Maua yalitoka vizuri, jua likawepo, zabibu zikaiva mpaka zikapitiliza, na mavuno yalikua mengi! Waini ikawa laini, nono, tamu ya tunda hata ikiwa bado changa kwenye pipa. Wajuzi kadhaa wakaikunjia pua, wakasema uchachu umepungua, haitadumu, ni ya kunywa haraka. Kuna mwanasheria mmoja wa Marekani aliekua anaandika jarida la waini, Robert Parker, akasimama akasema hapana, huu ni mwaka mkubwa, nunueni. Kipindi hicho hakua na jina kubwa, ila 1982 ndo ilimpandisha, na kuanzia hapo maksi zake kati ya 50 na 100 zikawa zinapandisha na kushusha bei Bordeaux nzima kwa miaka mingi. Chupa nzuri za 1982 zimepita miaka 40 na zipo hai, kwaiyo waliosema haitadumu walikosea, hilo mpe shemeji.

Mi mwenyewe 82 niliigusa mara moja, na naomba nisimulie maana ndo inanifanya niwe mgumu kuamua. Nilikua weita Dar, hotelini, sitaitaja. Wageni wawili wakafungua chupa ya Saint-Julien, kijiji cha huko Médoc, ya 1982, wakala, wakaondoka, kwenye chupa kukabaki kama vijiko viwili juu ya machicha. Nikamimina kwenye glasi nikiwa nyuma ya mlango wa jiko. Katikati ilikua nyekundu ya kiza ila pembeni rangi ishageuka kama tofali la kuchoma. Harufu sio ya zabibu tena, ilinijia ngozi ya mkanda mpya, tumbaku kavu, na ile harufu ya msitu wa Sao Hill mvua ikitoka kukatika, misonobari imelowa na majani yanavunda chini. Mdomoni haikukwaruza popote. Bosi akaniita nikameza harakaharaka, mpaka leo najuta sikuikalisha ulimini.

Pamoja na hayo fundi, kati ya hiyo miwili mliyowekeana nampa 1961. Sababu yangu ni kwamba 82 pamoja na ukubwa wake kuna mashamba yaliyozembea yakatoa maji, mavuno mengi yanaficha uvivu, na kuna majumba ya Margaux na Graves ambayo mwaka huo hayakufika kama ya vijiji vya Pauillac na Saint-Julien. 61 ilibeba hata majumba madogo, kwaiyo mwaka wenyewe ndo uliofanya kazi, na mi tukisema mwaka mkubwa naelewa hivyo. Mtu wa 1945 atanibishia na ana haki, ila hiyo nimeiweka pembeni maana chupa zilizobaki ni chache na za bandia zimejaa, kuna jamaa anaitwa Rudy Kurniawan alifungwa miaka 10 Marekani mwaka 2014 kwa kuchanganya waini nyumbani kwake na kubandika lebo za miaka mikubwa, matajiri wakanunua kwa hela ndefu.

Shemeji akikata rufaa mwambie angetaja 1947 upande wa kulia ningepata shida kweli. Château Cheval Blanc ya mwaka huo ukiisoma karatasini ni waini yenye kasoro, joto la mavuno lilikua kali mpaka uchachushaji ukagoma katikati, sukari ikabaki, na ina harufu ya siki kwa mbali. Leo fundi wa waini akikuta pipa kama lile angeshtuka. Na ndo moja ya waini zinazosifiwa kuliko zote duniani.

Ila we fundi usije ukala mbuzi wa dada bila dada kujua. Barua yako haisemi kama aliulizwa.

SWALI: Shikamoo anko. Mwaka 2016 kwenye harusi yetu rafiki wa mume wangu alitupa chupa ya Bordeaux, imeandikwa 2013. Tumeitunza juu ya kabati jikoni imesimama, mume wangu anasema tuiache mpaka mtoto wa kwanza amalize chuo itakua na thamani kubwa. Mtoto yuko darasa la pili. Ni kweli?
Mama wa watoto wawili, Njombe

JIBU: Marahaba mama. Mwambie baba aitoe leo. 2013 ni kati ya miaka dhaifu ya Bordeaux karne hii, masika yalikua ya baridi na mvua, maua yakaharibika, mwezi wa tisa ukungu na kuoza vikaingia shambani, watu wakavuna haraka kuokoa walichonacho. Ilitoka waini nyepesi ya kunywa mapema. Na hata ingekua mwaka mzuri, chupa nyingi za Bordeaux, zile za kawaida zisizo na jina kubwa, zinatengenezwa zinywewe ndani ya miaka michache, zinazongoja miaka 20 ni sehemu ndogo sana.

Alafu juu ya kabati jikoni, mama! Hapo joto la jiko linapanda kila mnapopika ugali na usiku baridi ya Njombe inashuka, waini haitaki kupandishwa na kushushwa hivyo, inataka kama digrii 12 au 14 muda wote, giza, na chupa ilazwe ili kizibo kikae kimelowa. Kikikauka kinasinyaa hewa inapita. Mkifungua kizibo kikimeguka msiogope, chujeni na kitambaa safi. Ikinuka siki, itieni kwenye mchuzi wa nyama. Thamani ya chupa hiyo ilikua ni harusi.

SWALI: Anko mambo, mi nipo Mwanjelwa, nina duka la vinywaji. Kila mwaka nasikia eti Bordeaux mwaka huu ni mwaka wa karne. Hivi karne ina miaka mingapi? Na nikitaka kuleta chupa chache za kuuza nitafute mwaka gani?
Kijana wa duka, Mbeya

JIBU: Poa sana kijana. Umewashtukia. Waini ya kule inauzwa ikiwa bado kwenye pipa, masika yanayofuata mavuno, mnunuzi analipa alafu anasubiri karibu miaka miwili ndo aletewe chupa, sasa muuzaji wa kitu ambacho hakijakamilika utegemee aseme nini? 2000 ilikua ya karne, 2005 ya karne, 2009 ya karne, mwaka uliofuata 2010 tena ya karne. Na ajabu ni kwamba yote minne ni mizuri kweli, ila 2009 na 2010 havifanani hata kidogo, 2009 ni laini ya joto inakukaribisha mapema, 2010 ina tanini na uchachu wa kukaa sana. Mi kwa hii ya karibuni naipenda 2016, masika yalilowa, kiangazi kikauka, na usiku wa baridi ukaitunza isipoteze uchangamfu.

Kwa duka lako lakini usikimbilie majina ya juu ya ule mpangilio wa 1855 uliopanga majumba ya Bordeaux kwa madaraja, hizo Lafite, Latour, Margaux, Haut-Brion, na Mouton iliyopandishwa 1973, hizo Mwanjelwa zitakaa mpaka vumbi likulipie kodi. Mwaka mkubwa ndo wa kununua jina dogo, maana jua likiwaka linawaka kwa wote, mkulima mdogo nae anapata zabibu zilizoiva. Tafuta ya kawaida ya 2016, 2018 au 2019, ilaze stoo ya nyuma mbali na bati na mbali na compressor ya friji, anza na chupa sita. Na moja ifungue mwenyewe, usije ukamuuzia mtu kitu hujui kinaonja vipi.