Ukitaka Blubeli Zichanue, Yaache Majani

Wengi wanaoniuliza kuhusu blubeli (bluebell), yale maua ya buluu ya misituni, wanataka kujua matunguu yake, yaani ile sehemu ya chini ya udongo iliyo kama kitunguu, yafukiwe kwa kina gani na mwezi gani. Nitafika huko. Lakini kuna jambo ambalo usipolielewa kwanza, kina sahihi na mwezi sahihi havitakusaidia.

Tunguu la blubeli haliishi miaka mingi. Kila mwaka lile la zamani hutumika lote kulisha majani na ua, likaisha, na mahali pake likajengwa jipya. Anayelijenga ni jani, katika wiki chache za mwanga baada ya baridi kali kupita. Kwa hiyo ukifyeka majani mara tu ua linaponyauka, umelinyima tunguu la mwakani chakula chake. Nikiona mtu ameyakata, au ameyafunga mafundo ili bustani ionekane nadhifu, naumia kwelikweli. Yaache yalale, yageuke manjano, yakauke yenyewe. Usiyakanyage pia. Jani la blubeli likishapondwa halisimami tena, na shada linalokanyagwa kila mwaka hudhoofika hadi likatoweka.

Kutokana na hilo, utaona kwa nini napenda kuzihamisha zikiwa bado na majani mabichi, mara baada ya kuchanua. Katika nchi za kaskazini maua huja Aprili na Mei, basi kazi hii huangukia mwishoni mwa Mei hivi. Unaziona ziliko, hubahatishi. Tena tunguu la blubeli halina yale maganda makavu yanayokilinda kitunguu cha jikoni, kwa hiyo likikaa nje ya udongo hukauka upesi. Matunguu makavu yanayouzwa kwa ajili ya kupandwa kati ya Septemba na Novemba huota, ila yachague moja moja: chukua yaliyo magumu na mazito, acha yaliyosinyaa au yenye ukungu.

Kung'oa ndiko kunakohitaji subira. Blubeli ina mizizi inayojikunja na kulivuta tunguu chini kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, kwa hiyo shada la zamani huwa limezama kuliko unavyodhani. Ukivuta kwa majani yatakukatikia mkononi na tunguu libaki chini. Tumia uma wa bustani badala ya sepeto, maana sepeto hukata. Uchomeke mbali kidogo na shada, uzamishe wote, kisha nyanyua bonge zima na udongo wake. Vaa glavu, kwa sababu utomvu wake huwasha ngozi ya baadhi ya watu, na mmea wote, kuanzia tunguu hadi mbegu, ni sumu ukiliwa. Penye watoto wadogo, mbwa au mifugo, usiache matunguu yakizagaa.

Sasa kina. Mmea ulio na majani unakuonyesha wenyewe: sehemu nyeupe ya chini ilikuwa udongoni, sehemu ya kijani ilikuwa juu. Ufukie hadi pale rangi inapobadilika. Tunguu kavu liweke kama sentimita 10 chini, ncha ikitazama juu, na uache sentimita 10 hivi kati ya moja na jingine. Panda siku ileile uliyong'oa. Ikishindikana, funga bonge kwa gunia bichi uliweke kivulini. Mwagilia vizuri ukimaliza, na usihangaike majani yakilala chini, kwani bado yanafanya kazi. Mwaka unaofuata maua yanaweza kuwa machache. Hiyo ni kawaida, usizifukue tena kuzikagua.

Mahali pazuri ni chini ya miti inayopukutisha majani. Blubeli hutumia mwanga kabla miti haijafunga kivuli, kisha hulala kiangazi chote penye ubaridi. Udongo uwe na unyevu lakini usituamishe maji. Mbolea ya chumvichumvi haihitajiki, tandaza tu mboji ya majani yaliyooza kila mwaka. Na niseme wazi: huu ni mmea wa nchi zenye majira ya baridi. Pasipo baridi ya kweli, usitarajie maua.

Kabla ya kuzihamisha, hakikisha unajua ni aina gani. Blubeli ya asili ya misitu ya Uingereza na magharibi mwa Ulaya ina shina linaloinama upande mmoja, harufu tamu, chavua ya rangi ya maziwa na majani membamba, kama sentimita moja na nusu hivi. Ile ya Kihispania husimama wima, maua yakiizunguka pande zote, majani yake ni mapana maradufu na harufu yake ni hafifu. Hizi mbili huzaliana zikikaribiana. Ukiishi jirani na msitu wenye blubeli za asili, nakusihi usipande ya Kihispania. Unazoziondoa usizitupe porini wala kwenye lundo la mboji zikiwa hai. Zikaushe kabisa kwanza, la sivyo zitaota tena.

Wala usiende msituni na uma wako. Nchini Uingereza blubeli inalindwa na sheria ya wanyamapori ya 1981, na tangu 1998 kuuza matunguu yaliyochimbwa porini ni kosa. Muuzaji akuhakikishie kwamba yake yamekuzwa kitaluni, na akishindwa, nenda kwingine.

Ukitaka nyingi bila gharama, ngoja vikonyo vikauke na vifuko vya mbegu vipasuke, kisha tikisa zile mbegu nyeusi chini ya miti na uzifunike kwa majani makavu. Kutoka mbegu hadi ua la kwanza hupita kama miaka mitano. Mche wa mwaka wa kwanza ni jani moja jembamba tu, basi ukipalilia hapo, palilia kwa mkono na utazame vizuri kabla ya kung'oa chochote kinachofanana na unyasi.