Wasomaji Wanauliza: Mkate wa Kuponi Ufaransa, 1940 hadi 1949

SWALI: Ufaransa ni nchi ya ngano na mizabibu. Wajerumani walipoikalia, njaa ilitoka wapi? Wanafunzi wangu wanauliza pia kadi za mgao zilitumikaje. – Mwalimu wa historia, Moshi

JIBU: Mwalimu, anza na fedha kabla ya shamba. Kwa mkataba wa kusimamisha vita wa Juni 1940, Ufaransa ililazimika kulipia jeshi lililoikalia, nayo hesabu ikapangwa kuwa faranga milioni 400 kila siku. Thamani ya fedha aliipanga mshindi: marki 1 ya Ujerumani kwa faranga 20. Askari wa Kijerumani akanunua siagi na nyama kwa pesa za Wafaransa wenyewe, tena akiwa na mfuko mnono kuliko mama wa Paris aliyesimama kwenye foleni. Ongeza mateka zaidi ya milioni 1.5 waliopelekwa Ujerumani, wakiwemo wakulima wengi, farasi waliochukuliwa, mbolea na petroli vilivyoadimika, na mafuta ya karanga ya Senegal yaliyozuiwa baharini na manowari za Uingereza.

Kadi zilianza Septemba 1940. Waliowahi kupanga foleni kwenye duka la kaya wataelewa haraka. Kila mtu alipewa herufi kwa umri na kazi yake: E mtoto chini ya miaka 3, J3 kijana, A mtu mzima, T mfanyakazi wa sulubu, V mzee aliyepita miaka 70. Kuponi zilitoka manispaa. Kwa nyama, ulijiandikisha kwa muuzaji mmoja tu. Yeye alikata kuponi, akazikusanya na kuzirudisha, ndipo apate kibali cha mzigo mwingine. Mkate wa mtu wa A ulikuwa gramu 350 kwa siku, ukashuka hadi 275 mwaka 1941. Nyama ilianza na gramu 360 kwa wiki, mifupa ikiwemo. Kufikia 1943 ilikuwa karibu 120. Mkate wa moto ulipigwa marufuku: ulilala saa 24 kwanza, kwa sababu mkate uliolala huliwa kidogo.

Wasisitizie wanafunzi jambo hili: kuponi ilikuwa ruhusa ya kununua, na ruhusa haijazi sufuria. Bei ya serikali ilikuwa ndogo mno, mkulima akaficha mayai na nguruwe wake akamsubiri mlanguzi. Mwenye ndugu shamba alitumiwa vifurushi, vilivyohalalishwa Oktoba 1941. Asiye na ndugu wala pesa alikula rutabaga, mzizi waliozoea kulisha ng'ombe. Wagonjwa wa akili waliofungiwa hospitalini hawakuwa na chochote zaidi ya mgao, na makumi ya maelfu yao walikufa. Kwa maoni yetu, hao ndio ushahidi mzito kuliko wote kwamba mgao peke yake haukumweka mtu hai.

Usiwaambie wanafunzi kwamba njaa iliisha Paris ilipokombolewa Agosti 1944. Mgao wa mkate uliondolewa Novemba 1945, ukarudishwa Januari 1946. Mwaka 1947, baada ya baridi kali kuua ngano, ulishuka hadi gramu 200, chini ya ule wa wakati wa Wajerumani. Kadi zilifutwa mwishoni mwa 1949.

SWALI: Hapa Arusha tulikuwa na Mahakama ya Rwanda. Wafaransa waliwahukumu vipi waliosaidia adui? – Msomaji, Kaloleni

JIBU: Kwanza bila mahakama: watu wapatao 9,000 waliuawa hivyo, na wanawake kama 20,000 wakanyolewa vichwa hadharani. Kisha zikaja mahakama maalumu. Laval, waziri mkuu wa serikali iliyoshirikiana na Wajerumani, alipigwa risasi Oktoba 1945. Hukumu ya kifo ya Pétain, mkuu wa serikali hiyo, ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Wengi zaidi walipoteza haki ya kupiga kura na kazi serikalini, halafu misamaha ya 1951 na 1953 ikawarudisha. Sheria ya Desemba 1964 ilitamka kwamba makosa dhidi ya ubinadamu hayapitwi na wakati, ndiyo maana Klaus Barbie, aliyekuwa mkuu wa polisi wa siri wa Kijerumani mjini Lyon, aliweza kuhukumiwa huko huko mwaka 1987.

SWALI: Babu alikuwa Keya (askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki), na alisema walipigana na Wafaransa Bukini, yaani Madagaska. Si walikuwa upande wa Waingereza? – Msomaji, Usa River

JIBU: Babu alisema kweli. Madagaska ilikuwa chini ya serikali ya Pétain, na Waingereza walihofia manowari za Kijapani zisipate bandari ya Diego Suarez. Bandari hiyo waliiteka Mei 1942. Septemba brigedi ya Keya, ikiwa na askari wa Tanganyika, ilishuka bandari ya Majunga ikapanda hadi Antananarivo, mji mkuu. Kazi kubwa ilikuwa kuondoa miti iliyoangushwa barabarani na kuvuka madaraja yaliyovunjwa. Wafaransa walisalimu amri Novemba, na Januari 1943 kisiwa kikakabidhiwa kwa watu wa de Gaulle, jenerali wa Wafaransa waliompinga Pétain. Hao nao, mwaka 1944, wakaanzisha ofisi ya mchele iliyomlazimisha mkulima wa Kimalagasi kuuza kwa bei ya chini, kisha akalazimika kuununua kwa magendo. Manung'uniko hayo yalikuwa miongoni mwa yale yaliyozaa uasi wa tarehe 29 Machi 1947.