Duka la nguo za thamani Mji Mkongwe wa Bagamoyo: upepo, chokaa na taa

Mteja wa kanzu iliyodariziwa kwa mkono au abaya ya hariri haingii dukani akiwa njiani kwenda sokoni. Mara nyingi ametoka Dar es Salaam, mwendo wa kilomita kama 65, Jumamosi au Jumapili, au ana harusi mbele yake. Fremu ya karibu na stendi itakupa wapita njia tele na wanunuzi haba. Pale kila mtu ana haraka, na nguo ya laki tatu haichaguliwi kwa haraka.

Tafuta Mtaa wa India, kwenye majumba ya kale, ambako watu hutembea polepole wakitazama milango ya nakshi. Kabla ya kulipa kodi nenda mara tatu: siku ya kazi saa nne asubuhi, Jumamosi saa kumi jioni, na siku ya mvua uone maji yanakokwenda. Waulize majirani habari za upepo pia. Fremu isiyo na harufu wakati wa kusi inaweza kuletewa harufu ya soko la samaki kaskazi ikianza, na hapo umeshasaini mkataba wa mwaka mzima.

Adui mkubwa, hata hivyo, ni ukuta. Nyumba hizi ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na ukuta wake hufyonza unyevu na kuutoa. Ukiupiga plasta ya saruji na rangi ya mafuta, unyevu unafungiwa ndani, chumvi inaisukuma plasta, inavimba na kumeguka, na nguo zilizoegemea hapo zinaota ukungu. Pata kwanza kibali cha halmashauri na cha ofisi ya mambo ya kale, kisha bandua saruji. Plasta mpya iwe sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga usio na chumvi. Tabaka lisizidi sentimita 1, na linyunyizie maji siku kadhaa likauke taratibu. Likikauka ghafla linapasuka. Malizia kwa kupaka chokaa. Weupe ule usiong'aa unaipendezesha nguo kuliko rangi yoyote ya kopo, na mteja anajua yuko Bagamoyo.

Reli za nguo ziache sentimita 10 kutoka ukutani. Henga ziwe za mbao, kwa sababu za chuma hushika kutu ya bahari na kuacha alama begani, alama isiyotoka kirahisi. Nunua kipima unyevu kidogo. Kikizidi asilimia 60, washa kiyoyozi. Nyuzijoto 25 zinatosha. Ukishusha sana, vioo vya mbele vinatoka jasho kwa nje na nguo ulizozipanga dirishani hazionekani.

Mlango unaotazama bahari hupigwa na jua la asubuhi. Usitundike hariri wala kitenge cha rangi nzito hapo, vitapauka. Weka kofia za viua, nyeupe. Ndani tumia taa za njano hafifu, Kelvini 3000, zenye CRI (kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi halisi) ya 90 au zaidi kama ilivyoandikwa kwenye boksi. Taa nyeupe kali za bei rahisi huigeuza zambarau kuwa buluu, na mteja akitoka nje akaiona rangi halisi anarudisha nguo.

Chumba cha kujaribia kisipungue mita 1.2 kwa 1.2, kiwe na kioo cha kumwonyesha mtu mzima mpaka miguuni na taa pembeni mwa kioo. Taa ya juu ya kichwa inatia vivuli usoni, na mtu aliyejiona amechoka hanunui. Pazia liwe zito, lifike sakafuni. Wanawake wengi wa hapa hawatavua baibui nyuma ya kitambaa chepesi.

Udi fukiza kwenye chetezo nusu saa kabla ya kufungua, milango ikiwa wazi, mbali na nguo. Moshi ukiingia kwenye sufi au hariri hautoki kirahisi hata nguo ikianikwa.