Mtoto ana ADHD? Skuli usende kuomba huruma

Jamani wazazi wenye watoto ambao kila mwalimu anawaita watukutu, kumbe wana ADHD, yaani hali ya ubongo inayomfanya mtoto ashindwe kutulia na kuweka akili pahala pamoja, leo naandika kwa ajili yenu mana mimi nimepoteza miaka mitatu mizima nazunguka tu na mwanangu. Chuoni kwa Kurani wakasema kaingiliwa na jini, akanyweshwa kombe, yale maji ya aya, skuli anatandikwa kwa kusahau daftari, na mtoto mwenyewe analia, mama mimi sipendi kusahau.

Mwisho tukapanda boti kutoka Pemba mpaka Unguja, Kidongo Chekundu, hospitali ya magonjwa ya akili. Jina lile lilinitia aibu nikawaaga majirani nakwenda harusini. Msifanye hivo. Daktari aliuliza mambo ya maana, yalianza kabla hajafika miaka 12? Yamepita miezi sita? Yako nyumbani na skuli pia au pahala pamoja tu? Akaandika ADHD, ile karatasi nikaipiga kopi siku ile ile.

Sasa skuli. Safari ya kwanza nlikwenda kuomba huruma, nikaambiwa huyu si mlemavu, ana miguu ana macho. Nikarudi kimya. Baadae ndo nikajua Tanzania imeridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu toka 2009, na mle ulemavu si miguu na macho tu, hata hali ya akili ya muda mrefu inayomzuia mtu kushiriki sawa na wenzake imo, na kumnyima marekebisho ambayo hayailemei skuli kupita kiasi, kule kunyima kwenyewe ni ubaguzi.

Safari ya pili nikenda na barua. Akae mbele, mbali na dirisha la barabarani, kazi apewe moja moja sio zote kwa mkupuo, baina ya vipindi atumwe japo kufuta ubao apate kuinuka, mtihani aongezewe muda, na asipigwe kwa kusahau. Andikeni vitu vinavyofanyika kama hivo, "msaidieni mwanangu" haimwambii mwalimu kitu. Na barua ziwe mbili, moja wakugongee muhuri ubaki nayo, mana neno la mdomo mwalimu akihama anahama nalo. Wakikataa, Wizara ya Elimu ya Zanzibar ina Kitengo cha Elimu Mjumuisho, pelekeni kopi huko. Mimi walinikubalia yote isipokuwa muda wa mtihani, na huo bado naudai.

Mwaka huu kapanda darasa, mwalimu mpya. Kopi yake nshampelekea siku ya kwanza, kabla hajamuita mtukutu.